Hereni ya Mstaafu

Jumatatu, 4 Agosti

Wamefungua! Redio imesema wakati wa chai. Nchi ya ng'ambo iliyokataa ng'ombe wetu hai tangu mwaka jana imelegea. Meli inakuja kupakia. Bei mnadani imepanda kabla mtangazaji hajamaliza habari yake.

Na mimi je? Sina hata mkia! Ng'ombe wangu wote niliwauza Ijumaa kwa bei ya kutupa, kwa sababu nilisikia kwa mtu wa kuaminika (yule mng'arisha viatu wa mbele ya benki) kwamba meli haitakuja asilani. Aliyewanunua ni Sharubu, dalali mwenzangu. Leo nimemkuta getini mwa mnada anazisokota sharubu zake. Akaniuliza nimeamkaje. Kwa upole! Huo ndio ubaya wake, upole.

Ndivyo bahati yangu ilivyo. Nchi ikiuza ng'ombe hai, mimi nina nyama. Ikiuza nyama, mimi nina ng'ombe hai. Mke wangu husema nikianika nguo, mawingu huitana.

Safari hii nina mpango. Wakala wa meli, mama mmoja mwenye viatu vya mpira vya kijani na sauti ya kamanda, ametangaza kwamba kila dalali alete zizi kamili, ng'ombe ishirini. Ukipungukiwa na mmoja, zizi lako halipandi. Na dalali atakayefanya kazi safi atapewa upakiaji wa meli zote za msimu. Zote! Sharubu ana zizi lake tayari. Nimeuza pikipiki. Kesho nanunua.

Mke wangu alisikiliza mpango wote huku anachambua mchele. Hakubisha. Alisema jambo moja tu, kwamba lolote nitakalofanya, Mstaafu asiguswe. Nikamwambia hilo halina haja ya kusemwa. Akasema kwa mtu kama mimi lina haja.

Niandike hapa Mstaafu ni nani, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wazito. Mstaafu ni maksai wa baba mkwe. Alifiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, na mama mkwe, Mungu amrehemu, akamlea kwa chupa. Baba mkwe alikuwa mpakiaji bandarini. Sasa, ng'ombe hapandi meli kwa fimbo. Anapanda akiona mwenzake ametangulia. Mstaafu ndiye aliyekuwa anatangulia. Mzee anamwita, yeye anapanda taratibu, kundi zima nyuma yake. Akifika juu anapita mlango wa pembeni, anashuka kwa ngazi ya pili, anamkuta mzee amesimama na konzi ya pumba. Analamba mkono. Kazi imekwisha. Wenzake ndio hao, wamekwenda.

Miaka mingi walifanya hivyo. Kisha mama mkwe akafariki, mzee akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka karibu yote. Akabaki na ule wito wake tu. Yeye na maksai wake wakastaafu siku moja wakahamia kwetu. Kila alasiri mzee hukaa kwenye benchi kando ya banda, na maksai huweka kidevu juu ya goti lake. Wanakaa hivyo mpaka jua linazama.

Mke wangu husema huyo ndiye kumbukumbu iliyobaki ya mama yake. Nami naheshimu sana mambo hayo.

Jumatano, 6 Agosti

Ng'ombe ninao! Daktari wa mifugo amewapima, wamevishwa hereni za njano zenye namba. Bila hereni hiyo ng'ombe hasogei hata hatua moja kuelekea baharini. Wanapendeza kama bibi harusi.

Kesho wanapimwa kwenye mizani. Wakala ananunua ng'ombe hai kwa uzito, na hapo ndipo akili inapohitajika. Nimewalambisha chumvi. Mfuko mzima. Mwenye kula chumvi atakunywa maji, na maji yana uzito. Sharubu hawezi kuwaza jambo kama hili hata akining'inizwa kichwa chini.

Kasoro ndogo. Nilisahau kuandaa maji.

Kiu ilipowashika walivunja uzio wakaingia kwa jirani yangu dobi. Dobi alikuwa ameloweka nguo za wateja kwenye mapipa. Walikunywa maji yote, povu na rangi ya bluu pamoja. Mmoja alikula mkono wa shati la wakili. Dobi alisimama katikati ya uwanja ameshika kola, hiyo tu ndiyo iliyobaki, akaniuliza amwambie nini wakili. Nikamshauri aseme ndiyo mitindo ya sasa. Hajacheka.

Mke wangu ameshinda akifua upya nguo za watu. Hajanisemesha. Lakini matumbo ya ng'ombe yamejaa, nimeyapiga kofi moja moja, yanalia kama ngoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamefunga!

Nilikuwa foleni kwenye mizani. Ng'ombe wangu wanaharisha povu, nami nawaambia watu ni dalili ya afya. Likapita gari lenye kipaza sauti. Kuna tetesi za ugonjwa wa miguu na midomo wilaya ya jirani, ng'ombe hai hawatoki, zitatoka nyama tu, na nyama ipitie machinjioni. Bei ikaanguka palepale. Watu wazima walishika vichwa.

Sharubu alikuwa kwenye benchi na kikombe chake cha chai. Akaniambia nisiwe na pupa, tetesi ni tetesi, mlango uliofungwa asubuhi waweza kufunguliwa jioni. Nikaona ujanja wake. Anataka nioze naye! Nikawapakia watatu kwenye gari mbio machinjioni, kabla bei haijafika chini kabisa.

Machinjioni hawapimi ng'ombe hai. Wanapima nyama iliyotundikwa. Meneja alinionyesha kwa kidole sakafu, maji yangu yote yanateremka mferejini, ya bluu. Akaniuliza ng'ombe hawa walikuwa wanaishi kiwanda cha sabuni? Alinilipa bei ya mifupa.

Nilipotoka niliziona hereni tatu za njano kwenye benchi la mchinjaji. Nikazitia mfukoni. Sikuwa na sababu. Mfanyabiashara haachi kitu.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefungua tena!! Ule ugonjwa haukuwa ugonjwa, ilikuwa midomo iliyochomwa na miiba. Meli imetia nanga. Kesho inapakia. Bei imepanda kuliko Jumatatu.

Nimezunguka mji mzima tangu alfajiri. Nimepata wawili wenye hereni kutoka kwa dalali mmoja aliyekata tamaa asubuhi kabla hajasikia redio. Nimepungukiwa na mmoja. Mmoja tu! Mnada mtupu, hata kwato haisikiki. Nimemwendea muuza maziwa, amenifukuza na ndoo.

Jioni Sharubu akanijia mwenyewe. Ana ng'ombe mmoja wa ziada, mzima, ana hereni. Akasema nimchukue, tutaelewana baadaye.

Tutaelewana baadaye! Najua maana ya maneno hayo. Msimu mzima nimwamkie yeye kwanza. Watu waseme zizi langu lilijazwa na Sharubu. Nikamshukuru, nikamwambia zizi langu limejaa. Akanitazama kidogo, akasema basi heri.

Sasa nimekaa hapa sebuleni. Nasikia baba mkwe anakohoa nje, kwenye benchi. Mstaafu yuko naye. Ni mnyama mkubwa, kusema kweli. Mwili bado anao. Na mimi nina hereni tatu.

Hapana. Nimeapa.

Lakini hebu tufikiri kama watu wenye akili. Nani amesema lazima asafiri? Anahesabiwa getini, anapanda ngazi, anawaongoza wenzake, anapita mlango wa pembeni, anashuka. Kama zamani! Zizi limejaa, na maksai yuko nyumbani kabla ya chai ya jioni. Haguswi. Anatembezwa tu. Na ng'ombe wangu wamedhoofika kwa kuharisha, bila kiongozi hawatapanda ile ngazi.

Mstaafu hatoki nyumbani bila mzee. Basi mzee naye apate hewa ya bahari. Madaktari wanaisifu.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu aliondoka asubuhi kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Sikuwa na haja ya kumdanganya mtu.

Nilimvisha Mstaafu hereni bandani. Sikio lake lina tundu la zamani, nikaibana kwa waya. Hakurusha hata mguu. Mzee aliingia, akaigusa hereni kwa mkono wake mzima, akanitazama. Nikamwambia, baba, siku hizi ndicho kitambulisho cha bandarini, bila hicho getini hawamruhusu mtu kuingia. Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Akarudi ndani akatoka amevaa koti lake la kazi, lile la zamani, vifungo amevifunga upande upande kwa mkono mmoja. Mfukoni ametia pumba.

Bandarini walimkumbuka. Makuli wazee walivua kofia wakamwamkia mmoja mmoja. Yeye akawa mrefu. Sijui nisemeje, alikuwa mfupi tangu kiharusi, leo akawa mrefu. Hata Sharubu alimshika mkono kwa mikono miwili akampigia shikamoo ya heshima.

Hesabu ya getini, zizi kamili. Wakala akatia alama. Ng'ombe wangu walipofika kwenye ngazi wakagoma. Walipigwa, wakasukumwa, mmoja akalala kabisa. Ndipo baba mkwe akasogea, akajaza pumzi, akaita. Hoooya-hoo! Mtu ambaye hawezi kuomba maji ya kunywa! Sauti ilitoka nzima. Mstaafu akainua kichwa, akaweka kwato ya kwanza kwenye ngazi, na ng'ombe wote wakamfuata, hata aliyelala aliinuka. Walipanda bila fimbo. Kuli mmoja karibu yangu alikuwa anafuta macho. Na mimi nilijivuna, nisidanganye. Nilisema moyoni, hii ndiyo kazi safi.

Mzee alikuwa tayari amejikongoja hadi mguuni pa ngazi ya pili. Ametoa pumba. Amenyoosha mkono.

Mlango wa pembeni haukufunguliwa.

Nikamwona Mstaafu juu, amesimama mbele ya mlango, anasubiri. Baharia wa zamu anamsukuma arudi ndani. Nikapiga kelele kwamba huyo ni kiongozi, anashuka. Baharia akaonyesha sikio. Mwenye hereni ni mzigo. Kiongozi havai hereni, na mnyama mwenye hereni akishavuka ngazi harudi nchi kavu, ndiyo sheria ya karantini.

Wakala akaja na viatu vyake vya kijani. Akaniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini. Yule maksai ni mzigo au si mzigo? Kama si mzigo, atoke sasa hivi, niseme hereni ile imetoka wapi, na zizi langu lote lishushwe.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa naenda kusema. Wallahi nilikuwa naenda kusema! Lakini Sharubu alikuwa amesimama pale pale ananitazama. Amezishika sharubu zake. Nikaona nitakavyoshusha ng'ombe mmoja mmoja mbele ya macho yake.

Nikasema ni mzigo.

Mzee hakuelewa. Aliendelea kusimama na mkono wake umenyooka. Meli ilipovuta ngazi bado alikuwa amesimama. Nikamwambia, baba, atashukia upande wa pili. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono uliojaa je? Hawakusema.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee alirudi jana amekunja ngumi. Hakufungua kwenye gari, hakufungua mezani, alilala nayo. Asubuhi mke wangu alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akamfungua kidole kimoja baada ya kingine. Pumba ilikuwa imekuwa donge. Mke wangu akaiangalia. Akatoka hadi bandani. Akarudi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza na hali ya soko la dunia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama ningeweza kusema neno, pale, na likamrudisha. Nikasema suala si rahisi namna hiyo. Akauliza tena, ndiyo au hapana. Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua godoro lake akalihamishia chumba cha baba yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepewa kazi! Upakiaji wa meli zote za msimu! Wakala mwenyewe amenikabidhi firimbi na koti la rangi ya chungwa lenye maandishi mgongoni. Nimelivaa hadi nyumbani. Nimekula chakula cha jioni nimelivaa. Mke wangu alinipa sahani kama mtu anayempa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Mzee hukaa kwenye benchi kila alasiri kama kawaida. Goti lake tu ndilo halina kitu juu yake. Nilijaribu kukaa naye nimpe moyo. Alisogea nikapata nafasi. Mpaka leo ananipisha nafasi, Mungu wangu.

Nimepuliza firimbi kidogo. Inalia vizuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamefunga. Wamefunga wakati meli iko katikati ya bahari! Ng'ambo wamepata ng'ombe wa bei ndogo kwingine, wamesema wetu wana kupe. Meli ilizunguka siku nyingi haina pa kushusha, mwisho ikauza mizigo yote bandari nyingine kwa bei ya nyama. Msimu umekufa. Wakala amesema malipo ya awali niliyopewa ndiyo hayo, hakuna zaidi. Akaomba koti.

Nimelivua pale pale ofisini. Firimbi ameniachia, amesema imeshaingia mdomoni.

Sharubu naye kapoteza zizi lake, lakini alinifuata nje, akaniketisha kibandani na kuagiza chai. Alimpigia simu baharia anayemfahamu. Akaniuliza kama nataka kusikia. Nikasema nataka, kwa kuwa yeye alitaka nikatae.

Baharia alisema maksai yule hakulala na wenzake. Safari nzima alisimama penye mlango wa pembeni. Walimvuta, akarudi. Wakamwacha, wakawa wanampelekea majani pale pale. Walipofika, ng'ombe walikuwa wamedhoofu na hoi, wakagoma kushuka. Mtu mmoja akaufungua ule mlango ajaribu. Mstaafu akatangulia, akashuka, akasimama chini akitafuta mtu. Wenzake wakamfuata. Chini palikuwa na malori ya machinjio.

Nililia. Niandike tu, nililia kibandani mbele ya watu wanaokunywa chai, mbele ya Sharubu, na sikujali. Alinilipia.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu aliniangalia macho akajua. Alitoka akakaa kwenye benchi karibu na baba yake, akaweka kichwa begani mwake.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata dawa ya msiba huu!

Mzee macho hayaoni vizuri. Nimemtafuta maksai mwingine, mkubwa vilevile, rangi ileile ya majivu. Mstaafu alikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso. Huyu nimempaka chokaa. Ukisimama mbali huwezi kutofautisha. Nikamwingiza bandani mchana, alasiri nikamwambia mzee, baba, mtu wako amerudi.

Alinyanyuka haraka mpaka fimbo ikaanguka. Akatoa pumba mfukoni. Kumbe kila siku huwa anatia pumba mfukoni! Akanyoosha mkono. Yule maksai akaja, akalamba mkono wote, akapiga chafya. Chokaa ikamdondokea mzee kwenye viatu.

Mzee alimtazama muda mrefu. Hakukasirika. Akampapasa shingo, maana mnyama hana kosa. Kisha akafuta kiganja kwenye suruali, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mke wangu aliona yote dirishani. Alisema Jumapili alikuwa amekaribia kunisamehe. Alikuwa amekaribia kabisa.

Nimemrudisha maksai mwenyewe. Wamekataa kurudisha gharama ya usafiri.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sharubu amekuja kwangu bila mwaliko. Ameleta dume changa lililohasiwa, kamba shingoni. Limelelewa nyumba ya watu, pole kama mbuzi, halimwogopi mtu. Wanunuzi wamelikataa kwa sababu sikio la kulia limechanika, pale pa kutia hereni hapashiki. Amesema kwake halina kazi, labda mzee atalipenda. Hakulipaka kitu. Alimwambia mzee wazi kwamba huyu si yule.

Anataka nini huyu mtu? Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma. Hakuna anayetoa ng'ombe bure. Nimemwuliza mke wangu. Amesema labda ametoa tu. Wanawake hawajui biashara.

Mzee alilitazama kwa mbali siku nzima. Jioni nikaona fimbo yake imesogea karibu na banda.

Jumatano, 29 Oktoba

Mke wangu amelipatia jina Kibarua, kwa sababu yuko kwenye majaribio. Mzee anamfundisha! Amepanga mbao uani, zimekuwa ngazi. Anasimama upande wa pili na konzi ya pumba, anaita. Mwanzo Kibarua alipanda akaanguka kwenye mapipa ya dobi. Dobi, nashangaa, alicheka. Leo amepanda juu, amezunguka, ameshuka upande wa pili, amelamba mkono. Mzee alitoa sauti. Si wito, ni kitu kingine. Mke wangu alikuja mbio akidhani amezidiwa. Alikuwa anacheka.

Alasiri nimechungulia. Kibarua ameweka kidevu kwenye goti.

Na jioni mke wangu amerudisha godoro. Amelitupa kitandani, akalala amenipa mgongo. Lakini mgongo wenyewe upo! Nimelala macho wazi kwa furaha. Nimeapa, na safari hii nimeapa kwa dhati. Nyumba hii haitaona tena machozi kwa ajili yangu. Nimejifunza.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamefungua!

Redio imesema wakati wa chai. Si ile nchi ya zamani, ni nyingine, tajiri zaidi, inataka ng'ombe hai kwa haraka. Meli iko njiani, kesho inapakia. Wakala amenipigia simu yeye mwenyewe, anasema kazi ile ya Agosti ilikuwa safi, makuli bado wanaisimulia. Zizi kamili kama kawaida. Sharubu yuko safarini, kaenda kumwuguza mama yake, mnada wote ni wangu!

Nimeshazunguka. Nimepata karibu wote.

Nimepungukiwa na mmoja.

Nimekaa hapa sebuleni nafikiri kama mtu mwenye akili. Mtu hujifunza kwa makosa yake, nami nimeyachambua yangu moja moja. Kumpakia kiongozi halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwachia baharia mlango wa pembeni. Safari hii nitasimama pale mwenyewe, nina firimbi, naushika mlango kwa mkono wangu, anapanda, anashuka, analamba pumba, chai ya jioni tunakunywa nyumbani. Mzee atafurahi kuvaa koti lake. Mke wangu kesho anakwenda kwa dada yake.

Nimefungua kabati. Hereni mbili bado zipo, nimezipangusa vumbi. Kibarua yuko nje kwenye benchi na mzee, nawaona kutoka hapa. Sikio la kulia ndilo lililochanika. La kushoto ni zima kabisa.